Sura ya Sita: Matundu Mawili

Abiria wa Mbulu hulijua gari kwa kiuno. Ukitoka Mbuyu wa Mjerumani, ukavuka daraja la Magara, barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona zinazopokezana, na kabla hujafika juu umeshajua kama bushi zimekwisha, kama shokapu zinavuja, na kama mwenye gari ni mtu wa kununua spea au wa kuongeza sauti ya redio. Sehemu zenye mwinuko mkali zimemwagwa zege siku hizi. Huko juu ardhi hubadilika kila baada ya kilima: udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha, vumbi lenye mawe njia ya Dongobesh, mikunjo kama ya bati ukielekea Haydom, kisha nyanda za Basotu ambako udongo mweusi hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linakosa nafasi ya kuzunguka. Ukitokeza Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,400 na ushei, unakutana na lami ya Babati na Singida, na gari lililokuwa likilia kutwa nzima linanyamaza ghafla. Wengi hudhani limepona.

Katika gereji moja ya Katesh, chini ya mti, nilimkuta mzee mmoja mkulima amesimama mbele ya Land Cruiser yake ya pikapu, mikono nyuma. Mwanawe, anayefanya kazi Arusha kwenye magari ya watalii, alikuwa amemletea zawadi: springi mpya nene za Australia, za kuinua gari na kubeba mizigo, pamoja na shokapu zake. Zilifungwa wiki mbili kabla. Tangu siku hiyo mzee alikuwa haendeshi, anarushwa.

“Fundi, hivi mmenifungia springi au mawe?”

“Baba, hizo ndizo zinazofungwa gari za mbugani,” mwanawe alijibu haraka, kabla fundi hajafungua mdomo.

Fundi alikuwa amelala chini ya gari. Sauti yake ilitokea huko huko: “Gari za mbugani zimebeba watu saba, matangi mawili na friji. Mzee hapa amebeba kofia.”

Ubishi ule ule unawatoa watu jasho Marekani, mbali kabisa na mashamba ya ngano ya Hanang. Huko kuna wanaume, na wanawake wasio wachache, wenye magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa kupita kiasi katika miili ya kawaida: Mustang, Camaro, Chevelle. Wenyewe huyaita magari ya misuli. Wanayapeleka kwenye autokrosi, na swali lao ni lile la mzee: nibaki na mpango wa kiwandani, nikitia spea mpya za aina ile ile, au ning’oe kila kitu nifunge vya dukani vilivyobuniwa upya?

Autokrosi ni mbio za mtu mmoja dhidi ya saa. Kwa Wamarekani hufanyika kwenye uwanja mpana wa lami, mara nyingi eneo la kuegesha magari, na njia huchorwa kwa koni za plastiki. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja hivi. Ukigusa koni ikaanguka, unaongezewa sekunde. Klabu ya SCCA, iliyoanzishwa mwaka 1944, ina madaraja maalumu ya magari haya ya misuli, na tairi zake haziruhusiwi kuwa laini kupita alama 200 ya uchakavu, ili asije mtu na tairi za mbio zinazonata kama ulimbo. Kwa majirani zetu wa Kenya neno ni hilo hilo lakini mchezo una sura nyingine: autokrosi yao huchezwa kwenye vumbi, na uwanja wa Jamhuri Park, Nairobi, umeona nyingi. Tofauti hii si ndogo. Gari lililofungwa kwa ajili ya koni za lami, ukilipeleka kwenye vumbi la Jamhuri, litakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya harusini akaenda kupalilia.

Lakini magari ya misuli yameshawahi kufika kwetu kwa kazi ngumu kuliko koni. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa zinafanyika Pasaka, yaani msimu wa masika. Miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na yalitakiwa kubaki karibu na hali yaliyonunuliwa nayo. Sheria hiyo naipenda. Aliyeshinda alikuwa amekuonyesha kitu ambacho wewe pia, ukiwa na fedha, ungeweza kukipata Jumatatu asubuhi.

Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta kundi zima la Mercury Comet. Yalikuwa magari makubwa yenye injini za V8, na kiburi chake kilikuwa na sababu: miezi michache nyuma Comet zilikuwa zimekimbizwa maili 100,000 katika uwanja wa Daytona. Daytona ni lami. Safari ya mwaka ule ilikuwa matope, na katika kundi lile Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Mshindi akawa Peter Hughes na msomaji ramani wake Billy Young, katika Ford Cortina GT yenye injini ya lita 1.5. Ford ilishindwa na Ford, ya kaka mkubwa ikapigwa na ya mdogo.

Mtu wa haraka atasema Comet zilikuwa nzito, basi. Uzito ulichangia, tena sana. Matope hayana huruma na tani moja na nusu. Ila tazama chini ya gari. Comet ilijengwa juu ya mifupa ya Ford Falcon ya mwaka 1960: mbele, kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi ya kujiviringisha imekaa juu ya mkono wa juu, nyuma ni ekseli moja nzima iliyolala juu ya springi za vipande vya chuma bapa. Ulikuwa mpango wa bei nafuu kwa familia ya kwenda kanisani na sokoni. Wiki chache baada ya Safari ile, tarehe 17 Aprili 1964, Ford ikazindua gari jipya juu ya mifupa hiyo hiyo, na vijana wakapanga foleni. Gari hilo ni Mustang.

Kwa hiyo anayebishana leo kuhusu Mustang yake ya zamani anabishana kuhusu mifupa iliyokwisha kulambishwa matope ya Afrika Mashariki.

Hapa lazima tulale chini ya gari pamoja na fundi. Springi ya vipande vya bapa ni kifaa cha ajabu kwa sababu inafanya kazi tatu bila kulipwa mishahara mitatu. Inabeba uzito. Inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Na vipande vyake vikisuguana, msuguano huo unapunguza kudunda, kama shokapu ya maskini. Ndiyo maana imedumu tangu enzi za mikokoteni ya farasi, na ndiyo maana Land Cruiser za mfululizo wa 70 bado zinayo nyuma, hata baada ya Toyota kuweka springi za kujiviringisha mbele katika pikapu zake mwaka 1999.

Mwenye kazi tatu, ukimsahihisha moja, nyingine mbili zinasikia. Chukua springi ya vipande vitano vya unene mmoja. Ukiongeza cha sita, ugumu unapanda kwa sehemu ya tano. Hiyo inavumilika. Lakini ukibadilisha vipande vyote ukaweka vyenye unene maradufu, ugumu haupandi mara mbili, unapanda mara nane, kwa sababu unene huhesabika kwa kuzidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Fimbo ya stabilaiza, ile inayozuia gari lisilale kwenye kona, ni kali zaidi: kutoka milimita 20 kwenda 24, ambazo kwa macho hata huoni tofauti, ugumu wake unazidi maradufu. Nimewaona watu wakinunua vitu hivi kwa jicho, kama wanachagua ndizi.

Kuna makosa ya kiwandani pia, tusiwafanye wahandisi kuwa malaika. Chevrolet Camaro ya mwaka 1967 ilitoka na springi ya nyuma yenye kipande kimoja tu kila upande. Ilikuwa nyepesi, laini, rahisi. Ukikanyaga mafuta, injini inaikunja ile springi kama upinde, inajifyatua, inakunjwa tena, na ekseli inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu. Mwaka uliofuata Camaro zenye injini kubwa zikapewa springi za vipande vingi, na shokapu zikatenganishwa, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zipingane na mruko huo. Aliyebaki na mpango wa kiwandani wa 1967 kwa heshima ya uasilia alibaki na kosa ambalo kiwanda chenyewe kilikwisha kulikiri.

Sasa matundu mawili.

Mustang ya kwanza ilikuwa na ugonjwa mmoja mbele. Ukiingia kona kwa kasi, gari linalala upande wa nje, na gurudumu la nje, lile lenye kubeba kazi yote, linalala nalo. Tairi linasimama kwa ukingo badala ya kukanyaga kwa upana wake. Ni sawa na kusukuma gari ukiwa umesimama kwa pembeni ya wayo. Unaweza kuweka springi ngumu ili gari lisilale kabisa, na wengi ndivyo wafanyavyo, lakini hapo umetibu homa kwa kumfunga mgonjwa kamba. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alilitazama tatizo kwa namna nyingine. Mkono wa juu umefungwa kwenye mwili wa gari kwa boliti mbili. Ukitoboa matundu mawili mapya inchi moja chini ya yale ya zamani, ukaushusha mkono huo, basi gurudumu linapopanda kichwa chake kinavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Gari linaendelea kulala kidogo. Tairi linabaki bapa juu ya ardhi.

Mjenzi wa magari ya mbio Carroll Shelby aliyachukua matundu hayo akayaweka katika Mustang yake ya GT350 ya mwaka 1965, pamoja na shokapu za kampuni ya Koni na stabilaiza nene ya mbele. Mpaka leo, zaidi ya nusu karne baadaye, mwenye Mustang anayeingia autokrosi huambiwa aanzie hapo. Gharama yake ni keekee ya kutobolea na mchana mmoja. Springi ni zile zile, na hakuna sanduku linaloletwa na meli. Tena cha kuchekesha, mwaka 1966, hesabu za gharama zilipoanza kuuma, GT350 nyingi zikatoka bila mkono kushushwa. Hata karakana iliyojipatia jina kwa jambo hilo iliona inchi moja ni ghali.

Hoja yangu katika sura hii ni hiyo inchi. Swali la “kiwandani au dukani” limekaa vibaya, kwa sababu linahusu nani ametengeneza, wakati gari linajali kitu kimoja tu: tairi linakanyaga ardhi kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Kiwanda kiliandika mkataba kati ya springi, shokapu, mikono, bushi na tairi, na kila mmoja aliusaini akijua wenzake ni akina nani. Springi ya dukani imesaini mkataba mwingine, na watu wengine. Inaweza kuwa chuma bora kuliko cha zamani na bado ikawa mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Ikifika na wenzake wote, yaani shokapu zenye nguvu ya kuirudisha na mikono yenye pembe inayofaa, kama wafanyavyo mafundi wazuri wa autokrosi wanaong’oa springi za bapa na kuweka za kujiviringisha pamoja na fimbo nne za kuishika ekseli na moja ya kuizuia isiende pembeni, hapo umenunua mkataba mzima mpya. Watakushinda kwa sekunde mbili tatu kwenye koni, na ni haki yao. Kinachowaumiza watu ni kununua nusu.

Nusu hiyo tunaiona Tanzania kila siku. Vijana huinua Noah na IST kwa kuweka speisa juu ya springi. Speisa haibadilishi ugumu wa springi hata chembe. Inalisukuma tu gari juu, na inakula ile nafasi ambayo gurudumu lingeshukia kwenye shimo. Kwa hiyo ukiingia kwenye mkunjo wa barabara ya Haydom, gurudumu linaning’inia hewani, linaishia na kishindo, na boli jointi zinalia kabla ya mwaka kwisha. Wengine huenda kinyume, wanakata springi ili gari lilale chini. Springi ya mizunguko minane ikikatwa mmoja inakuwa ngumu kwa takriban asilimia 14, huku nafasi ya gurudumu kupandia imepungua. Gari limekuwa gumu mahali ambapo halina pa kwenda. Nina jirani ambaye gari lake lilipogonga tuta alisimama, akashuka, akaliomba radhi tuta.

Turudi kwenye Safari, maana ina ushahidi wa upande wa pili. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na tena 1967 katika Peugeot 404. Ile 404 ilikuwa laini. Ililala kwenye kona kama mtu anayechungulia dirishani, na ukiiangalia kwa jicho la autokrosi ungeicheka. Lakini Wafaransa walikuwa wameyapa magurudumu yake safari ndefu ya kupanda na kushuka, na Peugeot ilitengeneza shokapu zake yenyewe badala ya kuagiza kwa mwingine, kwa hiyo springi na shokapu zilikua pamoja tangu utotoni. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Lililoongoza lile kundi la saba lilikuwa la Nick Nowicki na Paddy Cliff, nalo lilikuwa 404. Sijui mpango wa dukani uliowahi kuwekewa mtihani kama huo na ukaufaulu ukiwa na bei ya gari la familia.

Na bado misuli ilipata siku yake. Safari ya Magari ya Kale ilianza mwaka 2003 kuadhimisha miaka hamsini ya ile ya kwanza, na mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya aliishinda akiendesha Ford Mustang. Mifupa ya Falcon, ile ile iliyoiaibisha Comet mwaka 1964, sasa imeimarishwa na watu waliojua inakwenda wapi. Wao hawakuishusha kama wa koni. Gari la Safari huinuliwa, hupewa nafasi ya kushuka, na shokapu zake huchaguliwa kwa joto, kwa sababu kwenye mikunjo ya bati mafuta ya shokapu huchemka, hupata povu, na shokapu yenye povu ni pampu ya baiskeli tu. Mustang moja ya koni na nyingine ya Safari zina jina moja na mifupa ya aina moja, na ukiwabadilishia wenyewe funguo, wote wawili watarudi kwa miguu.

Pale Katesh fundi alitoka chini ya gari akiwa na bushi mbili kiganjani. Zilikuwa za kiwandani, za tangu gari linunuliwe, na zimekuwa kama biskuti iliyolowa chai. Mpira wake ulimeguka kwa kidole. Springi mpya za Australia zilikuwa zimefungwa juu ya bushi hizo.

“Kijana wangu,” alimwambia mtoto wa mzee, kwa upole, “umemnunulia baba koti la sufu, lakini vifungo ni vya shati la zamani.”

Yule kijana hakujibu. Aliuliza bei ya bushi.

Walichofanya kilichukua sehemu kubwa ya siku. Bushi mpya kila upande. Kutoka katika zile springi nene fundi alichomoa kipande kimoja kila upande, kile cha chini kilichowekwa kwa ajili ya mzigo mkubwa, akafunga vilivyobaki na boliti fupi zaidi. Shokapu mpya za Australia alizibakiza, kwa kuwa ndizo pekee zilizokuwa na nguvu ya kuzirudisha springi hizo. Shokapu za zamani za mzee, ambazo mwanawe alikuwa amezitunza kwa nia ya kuziuza, alizipindua mara moja, akasikia mafuta yanavyokoroma, akazitupa kwenye rundo la vyuma. Halafu akampa mzee funguo na kumwomba aende mpaka njia panda ya Basotu na kurudi, bila mzigo, kwa mwendo wake wa kawaida na si wa kuonyesha watu.

Mzee alirudi baada ya kitambo. Hakusema lolote kuhusu gari. Aliuliza kama vile vipande viwili vilivyotolewa ni vyake au vya gereji, na fundi akamwambia ni vyake, lakini mhunzi ameshavitolea bei: chuma cha springi hutoa panga zuri.

Mzee alikubali kuuza kimoja.